Gari la Mkwe na Madebe Kumi na Mawili

Mchezo wenyewe aliuanzisha hakimu. Alikuwa mtu wa Tanga, mnene, mpole sana akiwa kazini, na gari lake lilikuwa jipya kuliko gari lolote pale Mbinga. Alirudi kutoka kozi Dar es Salaam akatuambia ameona watu wakishindana kwa magari bila kukimbizana. Mnapanga madebe uwanjani, kila dereva anapita peke yake akiyazunguka huku na huku, na anayemaliza upesi bila kuangusha debe ndiye mshindi.

Mimi nilikuwa mpima ardhi. Nimezaliwa Singida, na nilikuwa nimeletwa Mbinga kupima viwanja katika vijiji vya ujamaa, kwa hiyo nilikuwa na vitu viwili alivyovihitaji hakimu: kamba ya chuma ya kupimia na vigingi, vyote mali ya umma. Jumapili iliyofuata nilimchorea njia katika uwanja wa mpira, madebe kumi na mawili ya mafuta ya kula yaliyojazwa mchanga. Kwa miezi miwili nikawa mtumishi wa starehe za wenzangu. Hakimu alikuwa na gari. Daktari alikuwa na gari. Meneja wa ghala la kahawa alikuwa na gari, ingawa watu walisema ni la ghala. Mimi nilikuwa na baiskeli, na kazi yangu ilikuwa kusimamisha madebe yaliyoanguka.

Wakati ule serikali ilikuwa imekataza magari kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kuokoa petroli. Wakatoliki wa Mbinga nao hawakutoka misani kabla ya saa tano. Raha yetu yote ilibanwa kati ya Mungu na serikali, saa tatu tu kwa juma, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa tayari kusogea kidogo.

Katibu wa chama alikuja kuuliza kama mchezo huu una ubepari ndani yake. Hakimu alimweleza, kwa sauti ile ile ya kusomea hukumu, kwamba hapa hakuna anayemnyonya mwenzake wala kumkimbiza. Kila mtu anashindana na saa, na saa yenyewe ni ya shule. Katibu alifikiri kidogo, kisha akaomba zamu.

Siku ile ndipo nilipoamua kununua gari. Kama hata katibu wa chama amekwisha kuzunguka madebe, mimi nabaki nyuma na baiskeli kwa itikadi gani?

Nilikwenda kwa fundi makanika aliyekuwa na karakana ya mabati karibu na soko. Nilimweleza kwamba nataka gari la bei ndogo, la kuchezea Jumapili. Hakucheka. Alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akasema:

"Usitake gari kubwa. Kubwa lina nguvu ya kwenda mbele, na pale uwanjani hakuna mbele. Tafuta jepesi, fupi, lenye gia ya pili isiyoruka. Tikisa usukani, ukicheza zaidi ya vidole viwili, liache. Halafu ingia chini uangalie kutu. Rangi usiiangalie kabisa. Rangi ni ya kuposea."

La kwanza niliangalia huko huko milimani, kwa mkulima mmoja wa kahawa. Mwaka mmoja bei ilipokuwa nzuri mzee yule alikuwa amenunua gari kubwa jeusi, refu kama jeneza la chifu, kabla ya kujiuliza nani angeliendesha. Yeye hakujua, na watoto wake hakuwaamini. Lilikuwa limekaa miaka minne katika banda, na kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Nilifungua mlango, kuku mmoja akaniangalia kama karani anayeombwa faili wakati wa chakula. Injini ilikuwa imegoma kabisa. Mzee alisema hilo si tatizo, kwa kuwa limetembea kidogo sana, na hapo alisema kweli. Nilimshukuru nikaondoka na mayai sita.

Mke wangu ndiye aliyenitajia gari la pili. Yeye alikuwa muuguzi, Mnyasa, na tulikuwa tumefunga ndoa bomani kwa sababu mimi ni Mwislamu, yeye ni Mwanglikana, na hakuna upande uliotaka kusogea. Akiwa anapepeta mchele alisema, "Baba anauza gari lake."

Kila mtu Mbinga alilijua gari lile. Lilikuwa mgongo wa chura, lile la injini nyuma, ambalo baba mkwe alipandishia usipa kutoka Mbamba Bay. Ule ni udagaa wa ziwani, mtamu sana mezani, lakini garini ni jambo jingine. Kwa kuwa mbele hakuna injini, alikuwa anajaza samaki chini ya boneti, kisha anang'oa kiti cha nyuma na kujaza tena. Gari likifika sokoni, paka walikuwa wamekwisha kupata habari.

Lakini lilikuwa jepesi. Lilikuwa fupi. Nilihesabu masharti ya fundi kwa vidole nikakuta yote yamo, isipokuwa moja ambalo fundi hakulitaja: mwenye gari alikuwa mkwe wangu.

Kwa desturi ya kule, mkwe huwezi kumkazia macho. Hukai naye mkeka mmoja, hubishani naye, na akisema kitu unaitikia. Sasa niambie, gari lililotumika unalinunuaje kwa mtu usiyeweza kumbishia?

Tuliteremka Mbamba Bay na lori la mahindi. Baba mkwe alikuwa amekaa barazani akiliangalia ziwa. Nilichuchumaa pembeni, macho kwenye vidole vyangu vya miguu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu, akiliambia ziwa. Kisha akamgeukia binti yake. "Mwambie mwenzio gari hilo hapo."

Nilimnong'oneza mke wangu aulize habari ya gia ya pili. Akauliza.

"Gari hilo limepanda mlima ule miaka saba," alisema mzee. "Gia ingekuwa inaruka, mngekuwa mnaongea na kaburi."

Usukani niliutikisa mwenyewe, nikijifanya naegemea. Ulicheza kidole kimoja na nusu. Kazi ilikuwa kuingia chini. Mwanamume mzima kulala chali mavumbini, miguu imetokeza nje mbele ya mkwe wake, haiwezekani. Mke wangu aliniangalia, akaona sitalala. Alikaza kitenge chake, akachukua tochi, akaingia yeye. Tulimsikia akigonga gonga kule chini. Alipotoka alikuwa na utando wa buibui kichwani na uso wa kazini.

"Kutu ipo," alisema, "lakini ni ya ngozi. Haijaingia kwenye mfupa."

Baba mkwe aliuliza gari ninalitakia nini. Hapo nilitakiwa kunyamaza na kumwachia mke wangu. Lakini nilitishika, nikasema mwenyewe, kwa mara ya kwanza nikimjibu moja kwa moja: "La kwenda vijijini, baba. Kupima viwanja vya wananchi."

Mzee aliligeukia tena ziwa. Kisha akasema kama ni kwa kujenga taifa, atapunguza bei. Akapunguza sana. Mke wangu aliniangalia kwa jicho ambalo wagonjwa wake waliliogopa kuliko sindano.

Njiani kupanda mlima alingoja mpaka tulipofika juu kwenye baridi. "Baba yangu hajawahi kupunguza bei hata kwa padri," alisema.

Nililiosha gari kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Nilichoma ubani ndani yake. Likanuka usipa waliokwenda kuhiji. Jumapili ya kwanza niliangusha madebe manne. Ya pili niliangusha matatu, na daktari akaniambia kwa upole kwamba nikifika kona nafunga macho. Nilibisha, ila ilikuwa kweli. Nyuma palikuwa pazito kwa ile injini, na kila nilipokata kona nilihisi makalio ya gari yanataka kutangulia.

Jumapili ya tatu, nikiwa nangoja zamu, niliona watu wamepisha njia. Baba mkwe alikuwa anakuja uwanjani, amevaa koti, kapu la samaki mkononi. Alikuwa amekuja na lori kumtembelea binti yake, akakuta nyumba tupu, akafuata mlio wa injini anayoifahamu.

Nilitaka ardhi ipasuke, na mimi ndiye mpimaji wake. Aliyaangalia madebe. Aliliangalia gari lake. Mke wangu alimpokea kapu, akaanza kujiumauma kutafuta maneno, lakini mwalimu wa michezo aliyeshika saa aliita zamu yangu, nikaingia garini kama mtu anayekimbilia jela.

Mlango wa pili ulifunguliwa. Baba mkwe akaingia, akakaa kando yangu.

"Endesha," alisema.

Niliendesha macho mbele kama sanamu. Tulipofika debe la kwanza nilikaza mikono, gari likalala nje, na hapo nilihisi bega zito likinisukuma. Mzee alikuwa amejitupa upande wangu, ndani ya kona, karibu mapajani mwangu.

"Unakaa kama gunia," alisema. "Hujawahi kupanda mtumbwi? Mtumbwi ukilala huku, wewe nenda kule. Sasa kushoto, rudi, rudi na mimi."

Kona iliyofuata alining'inia upande wa mlango wake, na mimi nikamfuata. Kweli gari lilitulia. Tukawa tunayumba pamoja, mimi na baba wa mke wangu, kushoto na kulia, mashavu yakikaribia kugusana, naye akipiga dashibodi kila ninapotakiwa kukanyaga mafuta. "Usiache ya pili," alisema. "Iache ilie, haifi." Kwenye debe la tisa nilisikia mtu anacheka, nikagundua ni mimi.

Hatukuangusha hata moja. Tulishika nafasi ya pili, nyuma ya daktari, mbele ya hakimu. Hakimu alilalamika kwamba tulikuwa wawili. Mwalimu alimuuliza sheria ipi inakataza. Hakimu, ambaye ndiye aliyezitunga sheria zote, alifikiri, akakiri haipo. Juma lililofuata alimwomba mkewe apande pembeni yake, na mama yule alimwambia hakutolewa Tanga kuja kuwa mzigo wa kusawazishia gari.

Nyumbani, baada ya kula, baba mkwe alinawa mikono taratibu. "Mliniambia ni gari la kupimia viwanja," alisema.

"Nilisema uongo, baba. Nisamehe."

"Nilipunguza kwa ajili ya taifa." Alijifuta kwa kitambaa. "Sasa taifa silioni hapa. Naona madebe. Bei irudi pale pale."

Nilikubali. Nililipa kwa maharage ya milimani, magunia mawili, na aibu yangu ilipungua kadiri magunia yalivyoteremka Mbamba Bay. Kuanzia hapo alikuja karibu kila mwisho wa mwezi, na hakutumia tena mdomo wa binti yake kuniambia nimebadili gia mapema. Mke wangu alisema tumemnyang'anya kazi yake ya ukalimani.

Mchezo ulikufa taratibu. Petroli ilianza kutolewa kwa kibali, na hakuna aliyethubutu kuandika kwenye fomu kwamba anaihitaji kwa ajili ya madebe. Timu ya mpira ilidai uwanja wao umekuwa shamba la ngoro, yale mashimo ya kilimo cha milimani. Hakimu alihamishwa, akaondoka na ile saa ya shule, kwa bahati mbaya, kama alivyoandika baadaye kwenye barua.

Nami nilipopata uhamisho wa Shinyanga, nilimuuzia gari mkulima wa Liparamba aliyetaka kitu cha kuwafukuzia nguruwe mwitu mahindini. Baba mkwe alisisitiza twende wote kulikabidhi. Alimwonyesha yule bwana kila kitu, mpaka mlango unaofunguka kwa teke, na alipomaliza akaligeuzia gari kisogo, akaenda kusimama barabarani.

Tulirudi juu ya lori la mahindi, tumekaa kwenye magunia, upepo ukivuma kutoka Msumbiji. Baada ya saa moja mzee alisinzia, kichwa chake kikaangukia begani kwangu. Kwa mila zao hilo lingetaka mbuzi wa faini, wake au wangu sijui. Bega lilikufa ganzi. Sikumwamsha mpaka tulipofika Mbinga.