Vigae Chini ya Bati la Rada

Katika mtaa wa Pak Sarwidi, yaani Mzee Sarwidi, pwani ya Semarang, kila kitu huinuliwa. Viwanda vinanyonya maji ya chini, kila nyumba nayo ina pampu yake, ardhi inadidimia, na bahari inaingia hadi jikoni bila hodi. Basi watu huinua. Sakafu yake ilikuwa imeinuliwa mara nyingi hata akawa anaingia kwake kwa kuinama, naye ni mfupi. Wafu pia hawaachwi: kila Shaabani, watu wakienda kufagia makaburi na kumwaga maua, yeye alibeba udongo akaliinua kaburi la mkewe, Tumirah.

Tangu Tumirah afe, alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi. Hakulia mazikoni. Alikula, alisali, alilala. Majirani walimsifu kwa subira, naye akawaacha wasifu, maana kubisha nako ni kazi.

Serikali ilipotaka kusimika bati la pembe tatu uani kwake, alikubali. Mpimaji, msichana aitwaye Listya, alimweleza kwamba setilaiti hupita juu ikipiga mawimbi ya rada, bati huyarudisha, na ofisini wakajua ardhi imeshuka kiasi gani.

"Nakukabidhi, Pak. Watoto wasilichezee."

"Amana ni amana, binti."

Mwanawe Wuryani, aliyeolewa huko milimani Ungaran, alikuwa amechoka kumsihi ahame. Aliposikia habari za bati, akambana kwa simu.

"Baba, tukubaliane. Setilaiti ikisema hapo panazama, unakuja kwangu bila ubishi."

"Na ikisema hapazami?"

"Basi nitanyamaza. Kaa na ukaidi wako na vyura wako."

"Umesema mwenyewe."

Kilichomshika pale si nyumba. Akiondoka, nani angeliinua kaburi? Hilo ndilo jambo pekee lililokuwa bado linamgusa.

Mwaka ulipopita, majibu yakaja: mtaa mzima unazama, isipokuwa uani kwa Pak Sarwidi. Wuryani akanyamaza kama alivyoahidi. Baba yake hakufurahi wala hakushangaa. Aliosha sahani yake akaenda msikitini.

Ofisini lakini walishangaa, na Listya akarudi na vifaa vyake. Alichuchumaa kwenye bati, akachungulia chini yake.

"Pak, hivi vigae kaweka nani?"

"Mimi. Maji yakijaa yalikuwa yanaligusa. Niache mali ya watu ilowe? Kila yakilifikia, nafungua skrubu, natia kigae, napima kwa pimamaji. Hebu tazama, limeinama hata kidogo?"

Alisema hayo kwa fahari, naye ni fundi vigae wa miaka mingi. Listya alicheka, kisha akaziba mdomo.

"Pak, umeidanganya setilaiti! Ardhi ikishuka, wewe unapandisha. Ikishuka tena, unapandisha tena."

Pak Sarwidi alivitazama vigae vilivyopangwa vizuri, kimo cha kiganja. Kila kimoja alikitia kwa mkono wake, na hakujiuliza hata siku moja kwa nini kinahitajika kingine.

"Huku kwetu kila kitu huinuliwa," alisema polepole.

"Itabidi niripoti, Pak."

"Ripoti."

Akampigia Wuryani mwenyewe. Ahadi ni deni. "Njoo unichukue," alisema. Wuryani alilia kwenye simu. Yeye alisubiri amalize.

Alipokata simu, alimuuliza Listya, "Hili bati mtalipeleka wapi?"

"Mahali pasipo na mtu wa kuliinua."

"Basi lipeleke makaburini, karibu na mke wangu. Mimi naondoka. Pale hapana tena wa kuinua."

Listya aliwaomba ruhusa wasimamizi wa makaburi, nao wakakubali.

Huko Ungaran milango ni mirefu, lakini mzee aliendelea kuinama kila akiingia. Wuryani alimtania, "Baba, nyumba yangu haina tabia hiyo." Mzee hakucheka wala hakukasirika.

Kisha ujumbe wa Listya ukaingia: "Pak, tangu tulihamishe, limeshuka milimita nane."

Aliusoma akiwa mezani, wali ukipoa. Akainua mkono, akatenga kidole gumba na cha shahada kwa nafasi ndogo sana.

"Kigae kimoja," alisema.

"Unasema na nani, Baba?"

"Na mama yako. Ameshuka kigae kimoja, na mimi niko huku."

Akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, vidole vyake bado vimeshika ule unene wa kigae.