Kichaka Kilichobaki Mahameni

Kazi yangu ilikuwa kutembea. Bwana shamba alikuwa na ramani, mimi nilikuwa na ndoo ya chokaa na brashi ya katani. Shule nilifika darasa la nne, na ile ramani sidhani kama niliwahi kuielewa sawasawa. Nilichoelewa ni mawe. Kila mwaka mvua zikiisha nilikwenda mpaka kichaka kilipoishia, nikapaka chokaa jiwe la karibu. Mwaka wa pili nilisimama palepale kuona kama kimelipita. Mara nyingi kilikuwa kimelipita. Nikirudi nilimweleza bwana shamba, naye akapaka penseli nyekundu kwenye karatasi yake.

Tulikiita kichaka cha misheni, kwa sababu watu walisema matawi ya kwanza yalitoka kwenye uzio wa mapadri upande wa Ushirombo. Sikushuhudia, na mapadri hawapo hapa kujieleza, basi naandika tu kwamba ndivyo watu walivyosema. Maua yake yamechanganya njano na nyekundu kwenye kishada kimoja, jani ukilisugua linanuka, shina lina miiba midogo. Mbuzi hakili. Ndiyo sababu tulikipenda. Ulichomeka tawi mvua za kwanza, baada ya muda una uzio. Ndege nao walikula matunda wakaenda kuyaangusha walikotaka.

Tulipohamishiwa kijijini nyumba zetu za zamani zilianguka, lakini nyuzio zile zilibaki. Hakukuwa na mtu wa kuzipunguza. Zikatanuka, zikashikana, zikaingia kwenye ngitili, yale malisho tunayoyafunga wakati wa mvua ili ng'ombe wayakute kiangazi. Ukaja mwaka wa ukame, ng'ombe wakala majani ya kichaka kwa njaa. Pua zikachubuka, macho yakawa ya njano, wakawa wanatafuta kivuli tu, wakafa. Bwana mifugo alimpasua mmoja akasema ni ini. Mkutano wa kijiji ukaamua kila kichaka cha namna hiyo king'olewe, kwenye ngitili na kwenye mahame yote, yale makazi tuliyoyahama, na mimi nionyeshe vilipo.

Mahameni kwetu kulikuwa na kimoja. Mke wangu alikipanda kuzunguka kaburi la mtoto wetu wa kwanza, wa kike, aliyekufa kwa surua kabla hatujahama. Mwanzo tuliweka miiba, mchwa wakaila, na ng'ambo ya mto fisi alikuwa ameshafukua kaburi la mtu. Basi mke wangu akaomba matawi kwa jirani, akayachomeka, yakashika. Fisi hakupita. Baada ya kuhama yeye hakwenda tena huko. Mimi nilipita kila mwaka kwa kazi, nikapaka chokaa jiwe la hapo kama nilivyopaka mengine, nikaendelea na safari. Nimejaribu kukumbuka nilikuwa nahisi nini, ili niandike ukweli. Sipati kitu.

Wakati huo vijana wa dhahabu walikuwa wakipita kwetu, kutoka Bugarama kwenda Rwamgasa na kurudi. Wakayaona mawe meupe yamefuatana porini. Siku moja nilikuta vijana watatu kando ya jiwe langu, wako kwenye shimo mpaka kiunoni.

"Shikamoo mzee," alisema mmoja bila kuacha sululu.

"Marahaba. Mnatafuta nini?"

"Hichohicho mlichokiona nyie wapimaji."

"Hiyo ni alama ya kichaka."

Wakatazamana. "Mzee, serikali inunue chokaa kwa ajili ya kichaka?"

"Ndiyo."

"Haya, na sisi tunachimba mizizi," akasema mwingine, wakacheka sana. Sikuwalaumu. Ningeambiwa hivyo mimi, nisingeamini.

Baada ya hapo walichimba kila penye chokaa, na kila penye udongo uliogeuzwa karibuni. Mjane jirani yetu alikuwa na kichaka kwenye kaburi la mumewe, mahameni kwake. Mimi nilikionyesha, vijana wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wakaking'oa. Siku chache baadaye alinikuta kisimani.

"Shemeji, wamemchimba."

"Nani?"

"Wale wa mashimo. Wamefika kwenye blanketi, wakafukia, wakakimbia." Akainua ndoo yake. "Angalau walifukia."

Hakunitupia lawama. Afadhali angenitupia, nafikiri, ingawa sina hakika.

Jioni bwana shamba alitandaza ramani. Tulikuwa tumebakiza upande wetu.

"Kwako kule pana kitu?"

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akifika kule. Ningesema hapana, ingekuwa hapana.

"Kipo," nikasema. "Kimezunguka kaburi."

Akaiweka penseli chini. Hakuwa mtu mbaya. "La nani?"

"La mwanangu."

"Unataka tukiache?"

"Cha mjane hatukukiacha."

Akaiokota penseli, akapaka nyekundu.

Nyumbani mke wangu alikuwa anamenya karanga. Nilimwambia nimekitaja.

"Nilijua ungekitaja," alisema. "Lini?"

"Alhamisi."

"Na wale wa mashimo?"

"Wanafuata chokaa na udongo mpya."

Aliendelea kumenya mpaka ungo ukajaa. "Basi twende sisi kwanza," akasema, "pasionekane kitu."

Tulikwenda Jumatano asubuhi, na ng'ombe wetu wachache, panga na majembe. Kukata kulituchukua mpaka jua kali. Mizizi yake ni migumu na inakwenda mbali. Matawi tuliyavuta hadi barabarani, ambako mengine yalirundikwa yakisubiri moto. Ndani ya kichaka nilitegemea kuona tuta. Halikuwepo, lilikuwa limeshuka, yalibaki mawe machache tuliyoyapanga siku ile.

"Kichwa kilikuwa huku," alisema mke wangu.

Mimi nilikumbuka upande wa pili. Sikubisha. Inawezekana yeye ndiye sahihi, alikuwa amemshika mpaka mwisho.

Tukayatoa yale mawe, moja moja, tukayatupa mbali mbali. Tukasawazisha udongo. Jiwe la chokaa nililisugua kwa mchanga na maji ya kibuyu, weupe ukabaki kwenye nyufa, nikalipindua uso chini. Bado pale palionekana, udongo mwekundu katikati ya nyasi kavu. Mke wangu alisimama akapaangalia. Kisha akaniita baba wa fulani, kwa jina la huyohuyo mtoto, kama anavyoniita siku zote, akasema, "Pitisha ng'ombe."

Nikawapitisha. Nikawageuza, nikawapitisha tena. Walikanyaga, wakanya, mmoja akasimama kunusa, nikamchapa akaenda. Tulipoondoka palikuwa kama njia ya ng'ombe ya mahali popote.

Alhamisi vijana wa msaragambo walikuta kazi imekwisha wakafurahi, wakaenda kwingine.

Wachimbaji walifika. Walichimba kwenye zizi letu la zamani, hawakupata kitu, wakaenda zao. Pale hawakugusa.

Mvua zilipoisha nilirudi kuangalia machipukizi, maana kichaka kile ukiacha mzizi kinarudi. Yalikuwa yametoka, madogo, yamejipanga nusu duara. Nikajua kaburi lilipo. Niliona hata kwamba mke wangu alikuwa sahihi kuhusu kichwa, au niliona hivyo kwa vile alishasema. Nikainama nikang'oa yote, na mizizi niliyoifikia, nikaijaza mfukoni ili isishike tena pale.

"Kwako pakoje?" aliuliza bwana shamba.

"Pasafi."

Akachukua ufutio, akafuta ile nyekundu.

Nyumbani mke wangu aliuliza, "Yalitoka?"

"Yalitoka."

"Yote umeyang'oa?"

"Yote."

Akaniletea maji ya kunawa.