Kipimo cha Figo na Maji ya Kisima cha Bofu

Jamani, nichekeni tu, maana mimi mpaka leo nikipita Bofu navuta kofia usoni.

Mnajua nafanya kazi maabara, na siku ile nilikwenda ukumbi wa mtaa wa Bofu kuwaonyesha watu kipimo kipya cha figo: maji mekundu yenye chembe za dhahabu (ndiyo, dhahabu hii hii ya pete, ila ndogo hata hadubini yetu haizioni), unatia tone la mkojo uliozimuliwa kwa maji, na ukiwa na ile protini ya figo mbovu, chembe zinashikana na wekundu unageuka buluu mbele ya macho yako. Sasa maji safi ya kuzimulia niliyasahau maabara, na badala ya kuyarudia nikajiambia, aah, maji ni maji, nikateka ya kisima cha pale pale.

Wa kwanza, mwenyekiti wa mtaa, buluu. Wa pili, buluu. Wa tatu alikuwa Kadzo, muuza mahamri, ambaye mamake aliondoka duniani kwa maradhi hayo hayo ya figo, naye buluu, na mimi kwa kiherehere changu nikatangaza mbele ya watu, "Dada, figo zako si nzuri!" Akaziba mdomo kwa leso, akatoka.

Bi Mwanaisha, mzee aliyekuwa akingoja zamu yake, akaniita. "Mwanangu, sote tu wagonjwa? Hebu tia hayo maji matupu tuone."

Nikatia. Buluu!

"Kumbe kisima nacho kina figo!" akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Hayo ni ya chumvi, baba, hata chai hatupikii."

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Chumvi peke yake inatosha kuzishikanisha zile chembe, hilo nililisoma, tena mimi mzaliwa wa Timbwani, pwani hii hii, niliyeogeshwa maji ya chumvi tangu utotoni!

Nikatoka mbio kumtafuta Kadzo. Nilimkuta mlangoni kwake, simu sikioni, anamwambia dadake, "Huyu mdogo utamchukua wewe, bado ananyonya." Nilipomweleza hakunitukana, alikaa chini tu, akalia.

Kesho yake nilimpima upya kwa maji yanayofaa, rangi ikabaki nyekundu: figo zake nzima. Siku hizi napima maji matupu kwanza, na jibu la mtu namwambia mwenyewe, pembeni, polepole. Mahamri nanunua kwake kila asubuhi, na kila asubuhi, kabla hajanifungia, ananiuliza, "Kaka, maji umeyaonja?"