Msukuma Soda Asiyeonja Soda

Jua la Malindi limeshapanda, na Stambuli Faki anashusha kreti za soda mbele ya duka la Bibi Hansa. Fulana imemganda mgongoni kwa jasho. Bibi Hansa anamtokea na bilauri ya mtindi uliozimuliwa kwa maji, wenye chumvi kidogo na bizari. Stambuli anaunywa wote kwa pumzi moja, anajifuta masharubu, kisha anaushika tena mkokoteni wake.

Soda zenyewe hajazionja tangu mwaka 1984.

Kabla ya hapo alikunywa hata nane kwa siku. “Kila duka nikifika nafunguliwa moja,” anasema. “Kukataa ni kama kukataa salamu.” Nyumbani alikuwa na boflo lililopakwa jemu na chai ya maziwa ya kopo; njiani, biskuti mfukoni. Aliamini mtu wa kazi nzito hana budi kula vya kumtia nguvu.

Ikamjia kiu isiyokatika, naye akaizima kwa soda zaidi. Akaanza kukonda. Siku moja mkewe, Mwanabibi, aliona damu kwenye mkeka. Msumari ulikuwa umemchoma mumewe wayoni, na mwenyewe hakuhisi kitu.

Hospitalini walipokewa na muuguzi aitwaye Sista Mumbua. Alitia matone ya mkojo katika dawa ya buluu, akaichemsha, na dawa ikageuka rangi ya tofali. Alimweleza Stambuli kwamba ana ugonjwa wa sukari, na kidonda kisipopona huenda mguu ukakatwa.

“Vidonge nitakupa, mzee,” alimwambia, “lakini vidonge haviwezi kushindana na soda nane.”

Njia nzima Stambuli aliuwazia mguu. Mkokoteni hausukumwi kwa mguu mmoja, na kazi nyingine hakuijua.

Mwanabibi ndiye aliyeanza. Maziwa ya kopo, boflo, jemu na biskuti vyote vilitoka jikoni. Akarudia mapishi ya kwao Mambrui: mbaazi, mchicha, samaki wa kuchoma, muhogo kipande kidogo. Naye akala hivyo hivyo. “Sikutaka ale peke yake kama mgonjwa,” anaeleza.

Shida ilikuwa madukani. Bibi Hansa alipokataliwa soda mara ya kwanza aliirudisha ndani. Ya pili, uso ukamshuka.

“Bwana Stambuli, nimekukosea nini?”

Stambuli alivua kiatu, akamwonyesha bandeji. Bibi Hansa akamwambia kwamba baba yake alikufa kwa maradhi hayo hayo. Kesho yake ndipo bilauri ya mtindi ilipotoka kwa mara ya kwanza. Wenye maduka wengine waliposikia, wakaanza kumwekea maji ya mtungi.

Miezi ikapita. Dawa ya Sista Mumbua ikawa inageuka kijani badala ya rangi ya tofali, na kidonda kikafumba. Baadaye siku moja ikachemka, ikabaki buluu kama ilivyotiwa, bila dalili ya sukari. Sista aliwaita wenzake waje kuiona. Daktari akampunguzia vidonge, ingawa alimwonya asiviache.

Mara moja tu aliteleza, kwenye harusi ya mpwa wake, kwa sahani ya halua. Kliniki ikamfichua. “Ile dawa haijui kumsitiri mtu,” anasema, akicheka mpaka mabega yanatikisika.

Sasa anaingojea Maulidi ya Mambrui. Mwaka ule wa kidonda aliikosa, akabaki amelala huku mkewe akienda peke yake. Safari hii ameapa kwenda kwa miguu kutoka Malindi, avuke daraja la Sabaki, aingie mjini kwa wakweze akitembea.

Mwanabibi amekataa katakata kumfuata. Yeye atapanda basi.

“Na atangulie,” anasema Stambuli. “Aziweke mbaazi motoni, maana mimi nitafika na njaa.”