Kila Asubuhi Waliniuliza Kama Nimepata Choo

Jamani, mimi nusura nipasuliwe mara ya pili kwa sababu ya swali la choo. Usicheke kwanza.

Mwaka 2017, hapa Joburg, Afrika Kusini. Naitwa Placide, fundi cherehani, mtu wa Bukavu kule Kongo, nakaa mtaa wa Observatory. Nilikuwa nimefanyiwa operesheni ya ngiri. Kiingereza changu ni cha kupima watu kiuno tu, kikivuka hapo kinaisha.

Bahati nzuri, hospitali ile ilikuwa na wanafunzi wa unesi waliofundishwa Kiswahili kidogo ili watuhudumie sisi wageni. Wangu aliitwa Nokuthula, binti wa Kizulu, ana adabu zake.

Asubuhi ya kwanza akaja anatabasamu.

"Shikamoo, baba. Umepata choo?"

"Ndiyo, mwanangu. Nimeipata."

Ilikuwa mwisho wa korido, mkono wa kushoto. Ningeikosaje?

Akafurahi, akaenda kumwambia daktari.

Kesho yake tena. "Baba, umepata choo?"

"Nimeipata."

Nikajua hapa wagonjwa wanapotea sana.

Tumbo likaanza kujaa. Likawa gumu kama ngoma. Chakula sitaki, usingizi hakuna. Daktari akaniminya, akakunja uso. Nokuthula akanieleza, nusu kwa mikono:

"Choo unapata, lakini tumbo linavimba. Ndani kuna kitu kibaya. Kesho tunapasua tena."

Eish. Niliogopa, sitawaficha. Nikampigia mke wangu Arlène, nikamwagiza nikifa cherehani ipi auze na ipi asiiguse. Akalia. Na mimi nikalia.

Jioni ile mwalimu wao wa Kiswahili akapita wodini. Bi Zubeda, mama wa Tanga, kajitanda mtandio, Kiswahili chake kinateleza tu. Nikasema afadhali.

"Pole, kaka. Umepata choo?"

Nikachoka kabisa.

"Mama, nyinyi watu muna shida gani? Choo iko pale, mwisho ya korido! Niliipata siku ya kwanza!"

Akaliangalia tumbo langu.

"Kaka, sikuulizi choo kiko wapi. Nauliza, umekwenda haja kubwa?"

"Haja yangu kubwa ni kurudi nyumbani."

Akafumba macho. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akaniinamia sikioni.

"Umekunya?"

"Kunya? Tangu munipasue, hata kidogo!"

Bi Zubeda aliita daktari kwa sauti ambayo sikuitegemea kwa mtu wa mtandio. Operesheni ikafutwa. Nikatiwa dawa kwa njia ya nyuma. Yaliyofuata ni siri yangu na ile choo ya mwisho wa korido. Niseme tu kwamba nilimshukuru Mungu kwa sauti, na watu walisikia.

Nokuthula aliniomba msamaha, maskini. Siku nzima alikuwa anapita wodini akilirudia lile neno jipya mdomoni, asije akalisahau.

Kesho yake kwenye kitanda cha jirani akaletwa Mzee Jumbe, mtu wa Unguja, kofia kichwani, tasbihi mkononi. Nokuthula akamsogelea, akapiga goti kwa heshima zote, akauliza wodi nzima ikasikia:

"Shikamoo, mzee. Umekunya?"

Mzee Jumbe aliitazama dari.

"Astaghfirullah," akasema polepole. "Nileteeni viatu vyangu."

Nilicheka mpaka mshono ukauma.

Wanangu wauguzi, kabla hamjamuuliza mtu habari za tumbo lake, mumuulize kwanza kwao ni wapi. Na wewe mgonjwa, ukiona unaulizwa swali la kijinga kila asubuhi, uliza maana yake. Mimi nilikaa kimya kwa adabu, kidogo adabu inizike.