Mgomba Ndani ya Jaketi la Baba

Juzi, katika bustani ya zamani mjini Busia, mafundi walikuwa wakiweka taa kando ya njia. Wanne walibeba nguzo iliyofungwa kwa gunia, wakaishusha shimoni polepole. Harufu ya udongo mbichi na mizizi iliyokatwa ikanipiga.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, kwetu Mundika, babu na baba wadogo walishusha shimoni shina la mgomba lililovikwa jaketi la baba. Baba alivuka mpaka wa nchi pale Malaba na hakurudi. Mama alimtafuta hospitalini na kwenye seli za polisi, huku na ng'ambo, mpaka soli za viatu zikaisha. Wazee wakachoka kungoja. Kwetu, asiyepatikana huzikwa hivyo.

Mimi sikuelewa. Nilijua tu kwamba mgomba ukipandwa huchipua. Watu walipokwenda kunywa chai, nilichota maji mtungini, nikamwaga pale, nikarudi kuchota tena. Mama akanikuta.

"Unafanya nini, wewe?"

"Namwagilia baba, atoke haraka."

Nilidhani atanichapa. Alininyang'anya kikombe, akakijaza mwenyewe, akamwaga. Akajaza tena. Alilia kwa sauti huku akimwaga, mpaka mtungi ukakauka.

Pale bustanini nilishtukia nimemimina chupa yangu yote ya maji chini ya nguzo.

"Mama, hiyo ni taa," fundi mmoja akaniambia. "Haioti."

"Najua," nikamjibu.