Fuwele ya Roswitha

Roswitha Kallweit hakuwa profesa wala daktari. Alikuwa fundi wa mashine za ombwe, zile zinazofyonzwa hewa yote ndani, hapa kwetu kwenye maabara ya Berlin kwa miaka thelathini na moja, na mimi, fundi wa vioo wa chumba cha pili, nimekunywa naye kahawa ya asubuhi karibu miaka yote hiyo. Nani atanisimulia mimi habari zake?

Kazi yake ilizunguka kipande cha platini, kidogo kama kifungo cha shati, alichokisugua mwenyewe mpaka kikang'aa kama kioo. Tulikiita fuwele ya Roswitha. Kikiwa safi kabisa, atomu za juu hujibana pembe sita, kama sega la nyuki. Lakini acha ile hewa ya jiko la mkaa, inayoua watu waliolala, itue juu yake: atomu zinaachia, zinajipanga miraba, na zilizokosa nafasi zinasukumwa juu na kujikusanya vilima.

"Metali ngumu vile," Roswitha alizoea kusema, "inampisha mgeni asiyeonekana. Mimi mume wangu simpishi hata kochi!"

Mwezi wa Mei alikwenda likizo wiki tatu kwa dada yake. Aliporudi zilibaki siku tano astaafu, na akakuta wenzake wamenuna. Kila picha ya atomu za fuwele ilitoka miraba. Walikuwa wameizungushia mashine karatasi za bati na kuioka siku mbili nzima, kama desturi, ili hewa yote iliyoganda ndani itoke. Bado miraba.

Daktari Osterloh, mkuu mpya wa kikundi cha utafiti, akamwita.

"Bi Kallweit, fuwele imeharibika. Nadhani ulipoisugua mara ya mwisho ulipitiliza."

"Mimi?"

"Sisemi kwa ubaya. Ijumaa naagiza nyingine."

Alikuja kwangu uso umemwiva. "Gerolf, miaka yote hii, halafu niage nikiitwa mharibifu!"

"Yule mwanamke kisomo anacho, macho hana," nikamwambia. Nilikuwa na hasira kuliko yeye.

"Nyamaza wewe. Akili anazo sana. Kuna kitu tu wanakifanya ambacho mimi sikifanyi."

Kesho yake alivuta kiti, akaweka mikono mapajani, akawatazama wakifanya kazi tangu mwanzo. Wakaichoma fuwele mpaka ikawa nyekundu, wakaiacha ipoe ndipo waipeleke kwenye sindano inayopapasa atomu. Hapo Roswitha akainuka.

"Mbona kipimo kinawaka?"

Kipimo cha ombwe kina uzi unaowaka ndani, kama wa taa za zamani.

"Kinawaka muda wote," Osterloh akajibu. "Niliagiza hivyo. Kompyuta iandike usafi wa ombwe kila dakika."

Roswitha akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Lo, Daktari wangu! Uzi ule ukiwaka unatoa hewa ileile ya mkaa. Mimi huuzima kwanza, ndipo nichome fuwele. Kipimo kinakwambia ndani ni safi, kumbe chenyewe ndicho kinachochafua!"

Osterloh akavuta daftari la maabara. "Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa. Mkono wangu tu ndio unaojua."

Wakazima kipimo. Wakachoma, wakapoza, sindano ikaanza kupapasa. Picha ikaja mstari kwa mstari, sote tumebanana mbele ya skrini, na mimi ambaye si kazi yangu nikiwa mbele kabisa. Pembe sita, safu kwa safu.

"Sega hilo!" nikapiga kelele. Roswitha alifuta machozi kwa kitambaa cha kufutia vyuma na hakuona haya.

Kwetu anayeaga ndiye huleta keki. Ijumaa Roswitha alifika na yake ya tufaha, akakuta nyingine mezani, imeungua chini na kudidimia katikati. Osterloh alisimama mbele ya watu wote, masikio mekundu.

"Hii nimeoka mimi. Bi Kallweit hakuiharibu fuwele. Nilikosea, na nilimkosea yeye. Naomba anisamehe."

Roswitha akakata kipande cha ile iliyoungua, akala chote, akaomba cha pili.

"Keki mbaya hii," akaninong'oneza, mdomo umejaa. "Usidiriki kunipa ile yangu."